Nilivyomchora Mama kwenye boneti ya Peugeot

Mwaka 2022 nilikwenda Kassel, Ujerumani, kuona Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa, kwa sababu ya Wajukuu, kikundi cha wasanii wa Mukuru, Nairobi. Walikuwa wameufunika mlango wa ukumbi kwa mabati yenye kutu, nikacheka peke yangu. Ila aliyenikalia kichwani nilimkuta kwenye jumba la Fridericianum, miongoni mwa wasanii wa Kiroma, yaani wa jamii ya Waroma wa Ulaya: Selma Selman, aliyezaliwa Bihać, Bosnia, mwaka 1991. Kwao wanaishi kwa vyuma chakavu. Kwetu pia.

Nilianza kumfuatilia. Mwaka 2019, mjini Hamburg, yeye na ndugu zake waliivunjavunja Mercedes mbele ya watazamaji. Baadaye wakatoa dhahabu kwenye kompyuta zilizotupwa, akatengeneza msumari. Huchora pia juu ya boneti. Na kuna mpango wake wa kuwasomesha wasichana wa Kiroma huko Bihać, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko huo msumari.

Sasa, kwetu Kariobangi, Nairobi. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Yadi ikalala. Kila aliyekuja kutupa pole alimpa Baba, kwa kuwa yadi inaitwa kwa jina lake. Lakini anayechambua mali ni Mama. Hufunga sumaku kwa kamba kwenye pindo la leso, akiletewa gunia anaipitisha: inayong'ang'ania ni chuma, isiyoshikwa anaikwaruza kwa msumari aone ni shaba au aluminiamu. Hesabu zote zimo kwenye daftari lake la shule.

Nilipopata likizo nilimwambia, "Mama, nataka kukuchora juu ya boneti."

"Ujerumani karatasi zimeisha?"

Tulichagua boneti ya Peugeot kuukuu. Niliifuta grisi kwa thina, nikapiga msasa pale tu uso utakapokaa, kisha praima ya chuma, rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine. Usipopaka praima, rangi ya mafuta hubanduka mapema sana. Kutu ya pembeni niliisugua kwa brashi ya waya ikabaki ile iliyoshika, nikaipaka vanishi ili isiendelee kula. Rangi ya bluu ya kiwandani niliiacha iwe leso yake.

Ugumu ulikuwa mikono. Mama hakai bure. Nikimketisha anainuka kumpimia mteja. Mwishowe nilimchora akiwa kazini, nikisogea naye, na ndiyo maana mkono wenye sumaku umetoka mkubwa kuliko kichwa. Nimeuacha hivyo. Chini nilinakili ukurasa mmoja wa daftari kwa mwandiko wake: kilo, bei, nani anadaiwa. Majina ya wadeni aliyakataza, akisema watu wana heshima zao, nikayafunika.

Kabla sijaichukua aliiweka kwenye mizani. Kilo ni kilo, alisema, hata ukiwa mwanangu. Nililipa bei ya chuma, na malipo ya muda wake nikampa kando. Hayo aliyahesabu mara mbili na kuyaandika daftarini kama mapato ya yadi.

Sasa nina mlango wa friji unaongoja. Baba anauliza zamu yake ni lini, na Mama anamjibu kwamba wa pili ni shangazi, aliyesukuma mkokoteni kabla hatujawa na yadi.