Chupa ya soda na ile 273

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja likizo kwangu hapa Kondele, Kisumu, akiwa na daftari lililojaa alama nyekundu. Swali lilisema: mililita 100 za gesi zinapashwa moto kutoka digrii 20 hadi 40 za Selsiasi bila kanieneo (msukumo wa gesi) kubadilika, ujazo mpya ni upi? Kaandika 200. "Si joto limeongezeka mara mbili, mjomba?"

Nilimweleza habari ya kujumlisha 273 kwenye Selsiasi ili kupata Kelvini, kipimo kinachohesabu joto kuanzia baridi ya mwisho kabisa, akaitikia kwa heshima tu. Nikaona afadhali aone kwa macho yake.

Tulitafuta chupa ya soda ya kioo. Ikijaa mpaka mdomoni, inachukua mililita 315. Tukaisimamisha kwenye sufuria ya maji ya moto, mdomo wazi, kipimajoto cha kuazima kikisoma 77. Akaiziba kwa kidole gumba, akaipindua ndani ya ndoo ya maji ya digrii 27, akaachia. Maji yakaanza kupanda shingoni yenyewe, na kijana akanyamaza kabisa.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tulikuwa tumeisuuza chupa bila kuikausha. Mvuke ulipopoa ukageuka maji, chupa ikanyonya karibu nusu yake. Tukaianika, tukarudia. Safari hii, kabla ya kuiziba tena, tuliiinua mpaka maji ya ndani na ya ndoo yakawa usawa mmoja. Usiposawazisha hivyo, kanieneo ya ndani hailingani na ya nje, na hesabu yote imekwenda.

Tukayavuta maji kwa bomba la sindano: mililita 41. Sasa hesabu. Ukitumia Selsiasi, 27 kwa 77, yangeingia maji zaidi ya 200. Ukitumia Kelvini, 300 kwa 350, hewa inabaki 270 na maji yanaingia 45. Zile nne nadhani zilipotea chupa ilipopoa njiani, na kwa unyevu wa ndoo.

Hapo nikamtajia Jacques Charles, Mfaransa aliyeliona jambo hili mwaka 1787 asilichapishe, hadi Mfaransa mwenzake Gay-Lussac alipolitangaza 1802: kila digrii moja, gesi hupanuka kwa sehemu ileile ya ujazo wake wa digrii sifuri. Yeye alipata karibu sehemu moja ya 267; vipimo vya baadaye vikaisahihisha kuwa moja ya 273. Kumbe ile 273 ina kwao!

Akafuta 200, akaandika 106.8. Kisha akaiviringisha chupa kwenye gazeti, aende nayo shuleni.