Swali la Mjomba

Wiki hii posa ya Zuhura imepokelewa na mapitio yangu ya mwaka wa pili wa utafiti wa taa za bluu yamepita salama, lakini kilichonikaa rohoni ni swali la Mjomba.

Alinipigia Jumapili, yuko juu ya ngazi anafunga taa za ukumbi huko Muheza. "Mpwa wangu, taa za bluu si ninazo dukani boksi zima? Wajapani hawakuimaliza hiyo kazi?" Nikamjibu, "Waliimaliza, Mjomba." Akasema haya, akakata simu.

Waliimaliza, ndiyo. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobeli mwaka 2014 kwa bluu hiyo, na hata balbu nyeupe za LED anazouza Mjomba, nyingi ndani yake ni bluu iliyopakwa unga wa njano. Ila fuwele zao hukuzwa kwenye joto la nyuzi elfu moja hivi. Mimi natumia perovskaiti, aina nyingine ya fuwele inayoweza kutoa mwanga: naiyeyusha, naidondosha kwenye kioo kinachozunguka, kisha naikausha kwa joto lisilofikia la maji yanayochemka. Hilo sikumwambia. Wala sikumwambia kwamba taa za perovskaiti za kijani na nyekundu zilivuka ufanisi wa asilimia 20 mwaka 2018, bluu ikaachwa nyuma. Utando wetu huwa na tabaka nyembamba na nene zilizochanganyikana, na nishati hukimbilia kwenye nene kama maji yafuatavyo bonde. Nene zikiwa chache tu, zinatosha kuuvuta mwanga wote uwe kijani.

"Waliimaliza, Mjomba." Usiku kucha namjibu upya, kila mara kwa maneno mengine.

Alhamisi nikakiwahisha kidogo kile kimiminika kinachofukuza kiyeyushi, tone moja katikati ya kioo kikiwa mbioni. Chini ya taa ya urujuanimno utando ukawaka bluu ileile mpaka kwenye pembe, pale panaponitesa kila siku kwa ukijani wake. Nikapiga picha, nikamtumia Mjomba na maelezo marefu ya sauti. Jumatatu tunaweka tabaka za juu na kupitisha umeme; hapo kloridi na bromidi zilizomo kwenye utando zinaweza kujitenga, rangi ikahama. Najua. Lakini bluu ile nimeiona.

Mjomba kajibu: "Inakula wati ngapi?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwenye mapitio.

Mama naye kanitajia juujuu kwamba mguu wa kushoto umevimba tena, na hospitali haendi mpaka machungwa yauzwe. Zuhura hapokei simu nimuulize umevimba kiasi gani.