Siku moja gerejini Tabata, Dar es Salaam: injini ya IST ina uhai gani?

Saa 12:40 asubuhi

Gari la kwanza limelala hapa tangu jana jioni, nalo limelazwa kwa makusudi. Ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE: silinda 4, cc 1,497, odometa inasoma kilomita 212,000. Mwenyewe analalamikia moshi. Injini ikishapata moto huficha mengi, kwa hiyo tunaiwasha ikiwa ya baridi kabisa. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine anasimama nyuma ya ekzosi.

Sekunde 10 za mwanzo zinasema karibu kila kitu. Moshi wa bluu ukitoka mara moja kisha ukapotea, oili ilichuruzika usiku kupitia sili za valvu ikajikusanya juu ya pistoni. Bluu ikirudi kila unapokanyaga mafuta, hizo ni ringi za pistoni. Mvuke mweupe wa asubuhi ni wa kawaida kama unakauka ndani ya dakika chache. Ukiendelea hata injini ikiwa ya moto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, mshuku wa kwanza ni gasketi ya hedi, kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini.

Sikio nalo lina kazi yake. 1NZ haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Mlio mfupi wa kukwaruza upande wa cheni, sekunde 1 au 2 kabla oili haijafika kwenye tenshena (kikazio cha cheni), unavumilika kwa injini ya umri huu. Ukizidi hapo tunafungua. Cheni haina kilomita maalumu za kubadilishwa kama mkanda, ila oili chafu inailegeza mapema.

IST hii imetoa bluu kidogo, mara moja, ikakauka. Ni sili za valvu. Ringi zake bado nzima.

Saa 2:00 asubuhi

Mwenye IST amefika na swali tunaloulizwa kila siku: "Fundi, hii injini imebakiza miaka mingapi?"

Injini hii ikitunzwa, kufika kilomita 300,000 si ajabu. Lakini kilomita peke yake ni kipimo kinachodanganya, hasa Dar es Salaam. Odometa huhesabu umbali, haihesabu muda ambao injini imenguruma. Chukua kilomita 4,000. Gari linalokwenda Dodoma na kurudi kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa huzimaliza kwa saa 67. Gari la foleni ya Barabara ya Mandela asubuhi na jioni, kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, huzimaliza kwa saa 267. Kilomita ni zilezile, lakini oili ya gari la pili imechemka mara 4 zaidi, huku upepo wa kupita kwenye rejeta ni haba na AC inavuta muda wote.

Ndiyo maana kwa gari la foleni ya kila siku tunaandika kilomita 4,000 au miezi 6, kipi kitatangulia, hata kama kopo limeandikwa 10,000. Kwa gari linaloishi barabara kuu, 5,000 hadi 7,000 kwa oili nzuri haitusumbui.

Kumwaga oili kwenyewe kunafanyika hivi. Injini inaunguruma dakika 5 ili oili ilegee na uchafu utoke nayo. Gari linasimama sawa, halijainama upande. Nati ya chini inafunguliwa kwa spana ya 14, na oili inaachwa idondoke dakika 10. Washa (pete ya kuzibia) ya nati inakuwa mpya, na nati inakazwa kwa nyutoni mita 38 tu. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) nyingi tunazoletewa zikivuja zimeharibiwa na fundi aliyekaza kwa nguvu za mabega. Filta mpya inapakwa oili kwenye mpira wake, inazungushwa kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko basi.

1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Mimina lita 3.3 kwanza, washa dakika 1, zima, subiri dakika 5, vuta kijiti, ongeza kidogokidogo hadi alama ya juu. Kopo la lita 4 litabaki na kiasi cha glasi moja, na glasi hiyo ibaki kwenye kopo. Oili ikizidi, kranki (mhimili mkuu wa injini) huipigapiga hadi ikawa povu, na povu halilainishi beringi. Nyingine husukumwa kwenye njia ya hewa, na mtu akaanza kufukuza moshi usio na ugonjwa.

Kuhusu uzito wa oili (namba za kwenye kopo, kubwa ni nzito zaidi): 5W-30 ndiyo chaguo la kwanza. Injini iliyochakaa ikianza kula oili kidogo, tunakwenda 10W-30 au 10W-40. Hatupendi kukimbilia 20W-50 kwa sababu tu gari ni la zamani. Njia za oili za VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa kufunguka valvu) ni nyembamba, na oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi, wakati ambapo kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na cheni zinaihitaji mno.

Saa 4:15

Vitz ya teksi, lita 1.3, injini ya 2NZ-FE. Inamisi (inaruka mlipuko) ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na taa ya injini imewaka. Dereva amekwisha kubadilisha koili 2 mtaani bila mafanikio. Gari limefungwa mfumo wa gesi asilia, kama teksi nyingi za jijini siku hizi.

Tunaanza na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kabla ya kununua chochote. Injini ya moto, koili zote 4 nje, plagi zote 4 nje, soketi za nozeli za petroli zimechomolewa, gesi imefungwa, betri imejaa. Mtu anakanyaga mafuta hadi mwisho ili hewa iingie, mwingine anapigisha stata hadi mshale usimame. Injini hizi zikiwa mpya husoma karibu kilo 15 kwa sentimita ya mraba. Chini ya kilo 11 silinda imechoka, na kati ya silinda na silinda tofauti isizidi kilo 1.

Tumepata 13.5, 13.2, 9.5 na 13.4. Silinda ya 3 ndiyo mgonjwa. Kijiko kimoja kidogo cha oili kinamiminwa kwenye tundu lake, tunapima tena: 9.8. Kama zingekuwa ringi, oili ingeziba na usomaji ungepanda wazi. Haukupanda, kwa hiyo upepo unapita kwenye valvu.

Gesi asilia ni kavu. Kiti cha valvu ya ekzosi kinalika taratibu, valvu inapanda juu, na nafasi kati ya lifta (kikombe kilicho juu ya valvu) na kamu inayoisukuma inapungua hadi kuisha. Ikiisha valvu haikai tena, moto unapita pembeni yake, na ukingo wake unaungua. Nafasi sahihi injini ikiwa ya baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.25 hadi 0.35 kwa za ekzosi. Fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya 0.10 haipiti kwenye silinda ya 3. Hakuna shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi) ya kuchomoa hapa: unapima, unapiga hesabu, unanunua lifta yenye unene unaofaa. Na kwa kuwa valvu yenyewe imeshaungua, hedi itashuka.

Anayetumia gesi apime nafasi za valvu kila kilomita 40,000. Kipimo hicho ni kazi ya asubuhi moja, hedi ni ya siku 2 na hela nyingine kabisa. Mwanya wa plagi nao tunaupunguza kutoka 1.1 hadi 0.8, kwa sababu gesi ni ngumu zaidi kushika cheche.

Saa 6:50 mchana

Jua la utosi, na magari yaliyochemka yanaanza kuingia. Vitz ya lita 1.0, bonet juu, dada mwenye gari anasema taa nyekundu iliwaka Buguruni naye akajikaza afike.

Mengi ya magari haya hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu wakati injini ni ya baridi na nyekundu inapochemka, katikati hakuna kitu. Nyekundu ikiwaka, hesabu ni ya sekunde. Zima AC, washa hita hadi mwisho hata kama utatoka jasho, kaa pembeni, zima injini. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kwa nusu saa au zaidi. Maji ya baridi juu ya hedi ya alumini yenye moto hupinda hedi ambayo ingepona.

Tunaacha lipoe. Kisha tunafungua: maji ni ya rangi ya kutu, na kingo za rejeta zina magadi. Ni maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula alumini na kuziba matundu ya rejeta. Kulanti, dawa ya rejeta, si rangi ya mapambo. Imechanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, inazuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Ile nyekundu ya kawaida ya Toyota ina umri wa miaka 2 au kilomita 40,000.

Kifuniko cha rejeta tunakipima kwa pampu: kinatakiwa kushika presha hadi kati ya bar 0.74 na 1.03 kabla hakijafunguka. Hiki kinaachia kwenye 0.4. Presha ikipotea, maji yanachemka mapema, na kifuniko kidogo hiki kinaua injini nzima. Feni inazunguka vizuri. Temostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto) haipo, fundi fulani aliitoa "ili gari lisichemke".

Hapa hatukubaliani na mtu. Temostati hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Bila hiyo injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinakwanguka. Gari linakula mafuta na kuzeeka, huku tatizo la kwanza liko palepale. Temostati mpya hatuifungi kabla ya kuichemsha kwenye sufuria yenye kipimajoto na kuiona ikifunguka kwa macho.

Hedi tutaijua baada ya kupima kompresheni na presha ya maji. Ikibidi ishuke, rula ya chuma inalazwa juu yake na fila geji ya 0.05 isipite.

Saa 9:30 alasiri

Probox, 1NZ tena, ya kubeba mizigo. Inakula lita 1 ya oili kila kilomita 1,000. Mwenye gari anapiga hesabu ya kumwaga oili kila 5,000 na havuti kijiti katikati. Sampu ina lita 3.7 tu. Kwa ulaji huo oili yote ingekwisha kabla ya kilomita 4,000. Alisikia kranki ikigonga, akasimama.

Tumeshusha sampu na pistoni ya kwanza iko mezani. Ringi ya oili imegandia kwenye mfereji wake, na matundu ya kurudisha oili yamezibwa na masizi magumu kama lami. Valvu ya PCV (inayotoa mvuke na presha ndani ya injini) imeziba pia: ukiipuliza haipitishi upande wowote, wakati nzima hupitisha upande mmoja. Ikiziba, presha ya ndani inaisukuma oili itokee popote. Ni spea ya bei ndogo, na wengi hawajawahi kuigusa.

Bloku ya 1NZ ni ya alumini yenye bushi nyembamba za chuma, na kiwandani hakuna pistoni za kuzidisha saizi. Habari ya kuchonga silinda kama injini za zamani haipo. Tunapima upana wa silinda, ambao mpya ni milimita 75, sehemu 3 kutoka juu hadi chini na pande 2. Zikiwa bado za duara, ringi mpya za saizi ileile na beringi mpya zitaiamsha. Zikiwa zimelika kama yai, ringi mpya ni hela ya kutupa. Hizi zimelika.

Inabaki injini ya mtumba. Kabla ya kulipia tunafungua kifuniko cha oili na kuangalia chini yake kwa tochi: rangi ya asali inatutosha, tope jeusi linatuondoa dukani. Tunazungusha kranki kwa mkono, tunapima kompresheni hapohapo kwa stata na betri, tunachungulia njia za maji kama zina kutu. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo badiliko hilo linapelekwa TRA, mamlaka ya mapato.

Saa 11:20 jioni

IST imefungwa sili mpya za valvu, plagi mpya zenye mwanya wa 1.1 zilizokazwa nyutoni mita 18, na PCV mpya. Filta ya hewa ilikuwa na vumbi jekundu. Haipulizwi tena, inabadilishwa, kwa kuwa vumbi likipita karatasi iliyotoboka linasaga silinda kama msasa.

Majaribio tunayafanya ndani ya foleni, AC ikiwa imewashwa, dakika 30. Barabara tupu haiwezi kuonyesha feni mbovu. Feni inawaka na kuzima kwa mpangilio, taa nyekundu imelala, silensa iko karibu mizunguko 650 kwa dakika bila kutetemeka.

Saa 12:30 jioni

Kikaratasi kinabandikwa ndani ya mlango wa dereva: 5W-30, lita 3.7, kilomita 216,000 au miezi 6. Chini yake tumeongeza mstari wa kalamu: vuta kijiti kila Jumapili asubuhi kabla ya kuwasha, andika kiwango. Sili mpya au za zamani, tunataka namba 4 za Jumapili 4 mfululizo. Kama kijiti hakijashuka zaidi ya robo ya nafasi kati ya alama mbili, mwenyewe atakuwa na jibu la swali lake la asubuhi bila kutuuliza.