Nilivyorekodi hadithi ya Kilwa Kisiwani mara mbili

Nimewatembeza wageni kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani kwa muda mrefu, na maelezo yangu ya Msikiti Mkuu nilikuwa nimeyahifadhi neno kwa neno. Ulianza karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, kuta za matumbawe na chokaa, Wareno wakauteka mji 1505, UNESCO wakauweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 1981. Wanafunzi waliovuka na mashua kutoka Kilwa Masoko, mji wa bara, walinakili miaka hiyo kwenye madaftari, kisha wakaanza kutupiana vijiwe. Hakuna aliyeuliza swali. Iliniuma, kwa sababu nikiwa peke yangu chini ya yale makuba huwa nasikia mji mzima ukipumua.

Ndipo nikaamua kutengeneza simulizi ya sauti, mtu aisikilize kwenye simu akiwa amesimama pale pale. Fedha za kuuchora mji upya kwa kompyuta sikuwa nazo. Nilikuwa na simu yangu, programu ya bure ya kuhariri sauti, na hadithi moja.

Hadithi yenyewe ilitoka kwa Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ijumaa moja sultani alikuwa anatoka kuswali. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamzuia njiani, akamwomba nguo zile zile alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema azitaka saa ile ile. Sultani akarudi nyuma, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita maskini aje achukue zile.

Rekodi ya kwanza ilikuwa dakika 14, nikisoma kwenye karatasi. Nilimpa rafiki asikilize huku namtazama macho. Kila alipoangalia simu kujua zimebaki dakika ngapi, niliandika pembeni, na usiku nikakata hapo. Hata hivyo bado ilisikika kama taarifa ya habari. Nikatupa karatasi, nikamkalisha mpwa wangu wa miaka tisa, nikamsimulia yeye, simu ikiwa katikati yetu. Hiyo ndiyo iliyofaa. Tulirekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaanza, mlango umezibwa kwa godoro. Ikatoka dakika sita, na udi ukilia kwa mbali. Mtandao sikutaka kuutegemea, kwa hiyo wageni niliwatumia faili tukiwa bado Masoko, kabla ya kupanda chombo.

Waliipenda. Wengine walitokwa na machozi pale sultani anapovua.

Siku moja nilimsikilizisha bibi mmoja mkazi wa kisiwani, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu kutoka kwenye magofu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Tamu, mjukuu wangu. Sasa huyo maskini alikwenda wapi na nguo za mfalme? Azivae akalimie?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelikata kwa mkono wangu.

"Bibi, mtoto wa sultani alizichukua zile nguo, akampa fakiri watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru aongezewe kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu."

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Ishirini. Hao nao walikuwa watoto wa nani?"

Ibn Battuta hakuandika hata jina moja. Na mimi niliwaacha nje ili wageni warudi na moyo mwepesi, mimi mtu wa Kilwa, ninayejua watumwa wangapi walipitishwa bandari ya Kilwa Kivinje karne ya 19. Usiku ule sikulala vizuri.

Nikarekodi upya. Udi niliuondoa kabisa. Rafiki alinishauri niweke vilio na minyororo, nikakataa: sauti zao hazikuandikwa popote, na kuwatungia kilio ni kuwatumia mara ya pili. Nilichofanya ni kuitaja hesabu, kisha nikanyamaza kwa sekunde 20. Jaribio la kwanza msikilizaji alidhani faili limekwama, akaanza kubonyeza. Kwa hiyo nikarudi msikitini na simu, nikanasa upepo unaopita kati ya nguzo, nikauweka kwenye ule ukimya. Tangu hapo hakuna aliyebonyeza. Walimu nawaeleza mapema kilichomo, waamue wenyewe kulingana na umri wa watoto.

Kundi la kwanza lililosikiliza rekodi hiyo lilikuwa la darasa la saba. Ukimya ulipofika, mvulana mmoja alianza kuwahesabu wenzake kwa kidole, mdomo ukicheza bila sauti. Alipofika ishirini akashusha mkono, akawatazama waliobaki.

Tulipokuwa njiani kwenda Husuni Kubwa akaja kutembea karibu yangu. Aliuliza kama nguo zenyewe zilikuwa nzuri sana. Halafu akauliza mawe ya jumba tunalokwenda kuliona yalibebwa na nani, na swali hilo tulikwenda nalo mpaka juu, kwenye bwawa la pembe nane, darasa zima likibishana.