Uchungu wa mtoto wa kwanza: nilivyojifunza kupumzika katikati

Nilipokuwa mjamzito, kila aliyenisimulia habari za kujifungua alinisimulia maumivu tu. Hakuna aliyeniambia kwamba uchungu huachia. Unaanza kwa mbali, unapanda, unakolea, unashuka, kisha unakuacha kabisa kwa dakika kadhaa na unaweza hata kuongea na kunywa maji. Hilo ndilo ninalotamani kila anayesubiri mtoto wa kwanza alijue mapema, maana zile dakika za katikati ndizo zilizonivusha.

Mkunga wa kliniki alinieleza mwishoni mwa ujauzito. Aliniambia kwamba kwa mimba ya kwanza mlango wa kizazi huchukua muda mrefu kulainika kabla haujaanza kufunguka kwa kasi, na kwamba mwanamke akijichosha katika kipindi hicho anafika kwenye kazi yenyewe akiwa hana nguvu. "Uchungu ukianza usiku, mama, lala. Ukianza mchana, kula," alisema.

Kwangu ulianza jioni. Nilitokwa na ute mzito wenye michirizi ya damu, kisha kiuno kikaanza kuuma na maumivu yakawa yanazunguka kuja mbele chini ya kitovu. Nilioga, nikatembea, nikalala ubavu, lakini hayakukoma. Kwa hiyo nikajua huu ni uchungu wa kweli, si ile mikazo ya kupita iliyokuwa ikinisumbua wiki za mwisho. Mume wangu akawa anaandika saa: tangu uchungu mmoja unapoanza hadi unaofuata unapoanza. Mimi nilikula kidogo, nikajilaza na mto katikati ya magoti. Nilikuwa nasinzia, naamshwa na maumivu, yakipita nasinzia tena. Usingizi wa vipande vipande hivyo naushukuru mpaka leo.

Tulikuwa tumekubaliana na mkunga kwamba twende hospitali uchungu ukifika kila baada ya dakika 5, kila mmoja ukidumu karibu dakika nzima, na hali hiyo ikiendelea kwa saa nzima. Anayeishi mbali na kituo aondoke mapema zaidi. Na yapo mambo ambayo hayasubiri hesabu yoyote: damu nyingi, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, au maji ya chupa, yale yanayomzunguka mtoto tumboni, kutoka yakiwa ya kijani, kwa sababu rangi hiyo huonyesha mtoto amejisaidia tumboni. Hapo unakwenda saa hiyohiyo.

Nilipopimwa mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita 4. Nilivunjika moyo, nikidhani usiku wote ule umepotea bure. Mkunga wa zamu akanituliza vizuri sana. Akaniambia Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linahesabu uchungu kuwa umekolea kuanzia sentimita 5, na kwamba ile kanuni ya zamani ya kufunguka sentimita 1 kila saa si kipimo cha kila mwanamke. Akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akasema yako sawa (yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika), akaniruhusu nitembee.

Dada yangu ndiye niliyemchagua kukaa nami leba, na hapa nina neno kwa wanaochagua. Mtafute mtu anayetulia wakati wewe umeshindwa kutulia, hata kama si yeye aliye karibu nawe zaidi. Dada hakuniambia vumilia hata mara moja. Uchungu ulipokuja nilisimama nimeinamia ukingo wa kitanda, naye akanikandamiza kwa kiganja pale kiuno kinapokutana na makalio, kwa nguvu zake zote, mpaka umalizike. Halafu alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, legeza taya." Taya! Sikuwa nimejua kwamba nimeyakaza meno. Kila nilipolegeza taya, mabega yalishuka yenyewe, na mwili wote ukapunguza kushindana na maumivu. Nilivuta pumzi puani, nikaitoa taratibu mdomoni kwa mlio mzito wa chini, maana nilipopiga kelele za juu nilijikuta nakaza shingo. Uchungu ukiachia nilikaa, nikanywa maji mafundo mawili, nikafumba macho. Sikujadili uliopita wala kuusubiri unaokuja.

Chupa ilipasuka yenyewe, maji yakawa masafi. Kuanzia hapo mapumziko yalifupika sana. Nilitetemeka miguu, nikatapika, nikamwambia mkunga siwezi tena. Akanijibu, "Ukiona huwezi, mama, ujue umefika." Na kweli. Haikuchukua muda nikasikia kama nahitaji haja kubwa, hamu isiyozuilika. Akanipima kwanza, kwa sababu kusukuma kabla mlango haujafunguka wote kunaweza kuuvimbisha. Ulikuwa tayari.

Nilisukuma nikiwa nimelala ubavu, dada amenishikilia mguu wa juu. Kusukuma kulinifaa kuliko kungoja: maumivu yalikuwepo, lakini sasa nilikuwa na la kufanya nayo. Kwa mtoto wa kwanza hatua hii inaweza kudumu hata muda wa saa 3, kwa hiyo usitishike kichwa kikionekana kisha kikirudi ndani. Kilipobaki mlangoni nilisikia moto mkali unazunguka. Mkunga akaweka mkono wake pale chini, akaniambia niache kusukuma, nihemeheme tu. Akauchukua mkono wangu, akanigusisha kichwa. Kililowa, nywele laini sana, na kilikuwa cha mtu mwingine kabisa ndani ya mwili wangu. Nikahema, mtoto akatoka taratibu.

Wakamweka kifuani kwangu palepale, ngozi kwa ngozi, wakatufunika. Kitovu hakikukatwa upesi. Walisubiri zaidi ya dakika 1 ili damu iliyobaki kwenye kondo la nyuma imfikie. Mimi nilichomwa sindano ya oksitosini pajani ili kizazi kijikaze na damu isitoke nyingi, kisha kondo likatoka. Nilichanika kidogo, nikapigwa ganzi na kushonwa huku binti yangu akitafuta titi mwenyewe. Alinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, kabla saa 1 haijaisha. Ni machache kwa macho, lakini ndiyo yanayomtosha.

Baada ya hapo wakunga walikuja mara kwa mara kunikanda tumbo kuhakikisha kizazi kimekuwa kigumu. Inauma, na inakera ukiwa umechoka, ila usiwazuie: kutokwa na damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi duniani. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, au ukisikia kizunguzungu, ita mtu bila kuona haya. Kukojoa mara ya kwanza juu ya nyuzi nilikuogopa. Nilijimiminia maji ya uvuguvugu wakati uleule nakojoa, ukali ukapungua sana, nikaendelea hivyo mpaka kidonda kilipofunga.