Hadithi za besiboli kwenye kibanda umiza

Nina kibanda umiza hapa Mwanga, Kigoma. Wateja wangu wanalipia Simba, Yanga na Arsenal, basi. Ila umeme ukikatika na jenereta ikigoma, watu huanza kudai hela zao. Hapo ndipo ninapowatolea hadithi za besiboli, mchezo ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuucheza.

Takwimu haziwaingii. Niliwaambia gwiji Babe Ruth alipiga homurani 714, yaani mipira ya kuvuka uzio wa uwanja, jamaa mmoja akaniuliza kama petroli ipo. Wanataka vituko vya watu.

Anayeongoza ni Eddie Gaedel. Mwaka 1951 St. Louis Browns, timu ya Marekani, walikuwa wabovu kweli, na mwenye timu, Bill Veeck, alikuwa bingwa wa vitimbi. Agosti 19 akamwingiza uwanjani Gaedel, mtu wa sentimita 109 hivi, mgongoni kavaa namba 1/8. Sheria ni hii: mrushaji apitishe mpira juu ya kibao kilicho chini mbele ya mpigaji, usawa wa magoti hadi kifuani kwa mpigaji. Akikosea mara nne, na mpigaji asipozungusha rungu lake, mpigaji anakwenda bure kituo cha kwanza. Sasa Gaedel akishainama, panabaki pa kulenga? Bob Cain, mrushaji wa Detroit, alirusha mara nne, zote juu. Gaedel akajiendea zake kituo cha kwanza, wakamtoa, na kesho yake ligi ikafuta mkataba wake. Refa alikuwa amemzuia mwanzoni, meneja akachomoa mkataba uliosainiwa. Hapo kibanda hulipuka, maana kila mtu hapa ana kisa chake cha mamluki kwenye ndondo.

Mrushaji Satchel Paige huwanyamazisha. Septemba 1965, akiwa na miaka 59, timu yake ya Kansas City walimkalisha pembeni ya uwanja kwenye kiti cha bembea, nesi kando yake, ili watu wacheke. Kisha akaingia kurusha. Awamu tatu dhidi ya Boston, na katika wapigaji wote ni Carl Yastrzemski peke yake aliyempiga mpira wa maana, yaani wa kumfikisha kituoni. Mzee mmoja mvuvi akaniuliza, "Mwanangu, ujanani alikuwa wapi huyo?" Alikuwa akicheza ligi za weusi, mzee wangu. Ligi kuu za Marekani ziliwafungia weusi mlango hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Paige akafuata 1948, na miaka 42 mwilini. Mzee alisonya. Mimi naona kile kiti kilikuwa dharau, lakini vijana wanasema ameilipa pale pale.

Moe Berg, mdakaji aliyegeuka jasusi, akaenda Zürich 1944 na bastola kumsikiliza Heisenberg, mwanafizikia wa Ujerumani, huyo nawawekea wapenzi wa filamu.

Kuna dogo huuliza kila mara kama Mwafrika yupo. Yupo: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, wa kwanza kuzaliwa barani kwetu na kufika ligi kuu, Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh. Mara yake ya kwanza kushika rungu, akapiga na kufika kituo.

Umeme ukikatika tena nitawapa Jim Abbott, aliyezaliwa bila kiganja cha kulia. Mwaka 1993 aliwarushia Cleveland mechi nzima bila kupigwa hata mpira mmoja wa maana. Watanibishia tu jinsi alivyohamishia glavu mkono wa kushoto baada ya kurusha, kwa hiyo naifanyia mazoezi kwa ndala.