Ungetoka?

Yaani leo siku ya nne na bado nasikia sauti ya bibi akiniuliza lile swali. Naosha vyombo nalisikia, niko kwenye basi nalisikia, jana usiku Baba Neema akaniuliza mbona hulali nikakosa cha kumjibu.

Bibi ni yuleyule niliyewaandikia mwezi wa pili, Mmarekani wa asili ya Japani, ana miaka 88, na pale kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, ndiye wa kwanza kuniita Mama Neema. Jumanne mchana (grinkadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, ilifika asubuhi ya siku hiyohiyo baada ya miaka sita, asanteni wote mliotuombea) tulikaa tunakunja vitambaa vya mezani. Anapenda kukunja. Kona kwa kona, halafu anapitisha ukucha wa kidole gumba mpaka mkunjo unakaa kama umepigwa pasi. Hapo ndo akaanza habari za kambini, kule walikofungiwa watu wa asili ya Japani wakati Marekani inapigana na Japani.

Mnakumbuka nilishawaambia, amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942, watu kama 120,000 wakaondolewa makwao pwani ya magharibi, theluthi mbili ni raia waliozaliwa hapahapa, na kosa lao lilikuwa sura. Yeye alikuwa na miaka mitano. Walifungwa vibandiko vya namba kwenye makoti kama mizigo ya basi la mkoa, wakalazwa Tanforan, uwanja wa mbio za farasi, kwenye banda lililopakwa chokaa juu ya uchafu, nywele za farasi zimegandia humohumo kwenye chokaa. Kisha wakapelekwa kambi ya Topaz, jangwani Utah.

Ila Jumanne hakuongea ya kwao sana. Aliongea ya Mitsuye Endo. Jamani mimi naishi Sacramento na sikuwahi kumsikia huyu dada! Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali ya jimbo, hapahapa mjini, kaka yake yuko kwenye jeshi la Marekani, Japani kwenyewe hajawahi kukanyaga. Wakili James Purcell akamfungulia shauri mwaka 1942, serikali ieleze inamshikilia kwa haki gani. Serikali ikaona itashindwa, ikamwambia basi tutakuachia utoke, ila usirudi pwani. Akakataa, maana akitoka shauri lingeweza kufia hapo. Akabaki kambini, vumbi, foleni ya chakula, waya wa miba, na ruhusa ya kutoka ipo. Tarehe 18 Desemba 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua majaji wote tisa kwamba raia mtiifu hawezi kushikiliwa hivyo, na serikali ilikuwa imeshanusa, jana yake tu ikatangaza watu wataruhusiwa kurudi.

Bibi akaweka kitambaa chini akaniangalia.

"Mama Neema, wewe ungetoka?"

Nikamjibu palepale, bila hata kuvuta pumzi: "Ningetoka bibi, nina watoto."

Akachukua kitambaa kingine. Kona kwa kona. Akasema, "Sisi tulitoka."

Basi. Nesi akaingia na dawa, yakaishia hapo.

Siku mbili nzima niliumia nikiamini amenipima akaniona mwoga, na kilichonikaa zaidi ni ile haraka ya kujibu, mtu aliyeshika bahasha ya serikali asubuhi hiyo mikono ikimtetemeka ataanzaje kuikatalia serikali, yaani hata kufikiria sikufikiria. Ndo Alhamisi usiku nikiwa namsuka Neema nikalisikia tena lile neno lake na safari hii nikaisikia sauti yenyewe ilivyokuwa, chini, kama mtu anayekiri. Hakuwa ananipima. Baba yake alipewa karatasi ya kuondoka, akawachukua wakaenda Chicago kufanya kazi, na huyu mtoto wa miaka saba kabeba hilo mpaka leo ana 88. Alikuwa anatafuta mwenzake.

Nililia, nywele za mtoto mkononi.

Jana nilipoingia shifti nikamfuata moja kwa moja, nikapiga magoti pale kwenye kiti chake cha magurudumu, nikamwambia bibi, baba yako alikuwa na mtoto. Hakusema kitu. Alinishika kichwa, mkono mwepesi kama karatasi, akauacha pale muda mrefu mpaka magoti yakaniuma na sikutaka kuinuka. Afu akaniambia Endo naye baada ya vita alihamia Chicago, akaolewa, akakaa kimya miaka mingi sana hata binti yake alikuja kujua mambo ya kesi akiwa mtu mzima. Medali ya Rais walimpa Januari 2025, ameshafariki tangu 2006.

Neema anataka kuandika habari zake shuleni, bibi amekubali kuongea naye Jumapili.

Mama hapatikani kwa simu tangu juzi asubuhi. Wanasema Kilosa mvua ni kubwa na umeme umekatika, labda ni chaji tu, ila jirani naye hapokei. Aliye karibu na huko naomba anipitie nyumbani.